Niliposema Yuko Sawa

Ijumaa ya kwanza niliyopelekwa kwenye uwanja ule nilidhani wanapigana. Vijana waliovaa helmeti zenye vyuma mdomoni walijipanga mistari miwili wakitazamana, mmoja akapiga ukelele, wote wakavamiana kwa mpigo mmoja. Nilinyakua mkoba wangu wa huduma ya kwanza nikaanza kukimbilia katikati. Kocha akanidaka begani.

"Sister, sister," akasema akicheka, "bado. Ngoja nikuite."

Dubai kila muuguzi huitwa sister, hata asiye na karatasi. Mimi karatasi sikuwa nayo. Nilisomea uuguzi nyumbani Tanzania, nikafanya kazi wodini miaka mitatu kule Morogoro, lakini ili uvae sare ya muuguzi Dubai lazima ufaulu mtihani wao, na mara ya kwanza niliukosa kwa alama chache. Kampuni iliyonileta ikanipa fulana nyekundu na mkoba, ikawa inanituma popote palipotakiwa mtu wa kusimama tayari: kwenye mabwawa ya kuogelea ya shule, kwenye majengo yanayojengwa, kwenye mashindano. Siku za Ijumaa, baada ya sala, gari la kampuni lilinichukua Muhaisnah tulikokaa na kunishusha kwenye chuo kimoja cha Garhoud, karibu kabisa na uwanja wa ndege.

Chuo kile kilikuwa na timu ya mpira wa Kimarekani. Si mpira tunaoujua sisi. Mpira wenyewe una umbo la yai, unashikwa kwa mikono, na kazi yote ni kuusogeza hadi kuvuka mstari wa mwisho wa wenzako, huku wenzako wakikuangusha kwa nguvu zote. Una majaribio manne ya kwenda mbele yadi kumi. Ukishindwa, unawapa wao. Nilielewa hayo kwenye mechi ya tatu. Kabla ya hapo nilikuwa naangalia tu nani ameanguka na nani ameinuka.

Mwaka uliotangulia timu ile haikuwa imeshinda hata mechi moja. Wanafunzi wenzao waliwacheka kwenye korido. Walikuwa wachache, wa kila taifa: Wamisri, Walebanoni, Wahindi, Wanigeria wawili wanene kama milango, Msudani mmoja mrefu aliyekuwa hodari wa kudaka, na Wamarekani watatu ambao ndio pekee waliokulia na mchezo huo. Kocha alikuwa mwalimu wa hesabu, Mmarekani mwenye tumbo na goti bovu, aliyezoea kusema yalla, yaani twende, kama wote waliokaa mji ule muda mrefu. Uwanja ulikuwa wa soka. Mistari yao ilichorwa juu ya mistari mingine kwa rangi ya njano. Nyasi zilikuwa za plastiki, na punje zake nyeusi za mpira zilikuwa zinaingia viatuni mpaka nikawa nazikuta kwenye shuka zangu. Ndege zilipita juu yetu kila baada ya dakika chache, zikishuka, chini hata unaona magurudumu, na zikipita hakuna aliyemsikia mwenzake. Timu nyingine zilikuja pale zikavurugwa na kelele. Vijana wetu walikuwa wamezoea kuongea kwa mikono.

Nasema vijana wetu. Sikumbuki ni lini nilianza kusema hivyo.

Mechi ya kwanza walishinda kwa bahati, ya pili kwa kung'ang'ania. Ya tatu waliwafunga watu waliokuja na basi zuri na maji ya barafu yenye nembo yao. Baada ya hapo watu wakaanza kuja kutazama. Mabango yakabandikwa chuoni. Mwenzangu niliyelala naye chumba kimoja, Mganda aliyekuwa mlinzi kwenye duka kubwa, alikuwa akinisubiri kitandani kila Ijumaa jioni na swali lilelile: "Ile mupira yako, mulishinda?" Nami nilivua viatu, nikakung'uta zile punje, nikasema tumeshinda, na alipiga makofi kama vile alikuwepo.

Aliyeibeba timu ni yule aliyevaa jezi namba tisa. Ndiye alikuwa mrushaji, yaani mpira unaanzia mikononi mwake, yeye ndiye anayeamua umwendee nani. Alikuwa mwembamba kuliko wengi wao, mtulivu, na alikuwa na tabia ya kuchungulia juu kabla ya kurusha, akisubiri ndege ipite. Na wenzake aliongea Kiarabu, na kocha Kiingereza. Mechi ikiisha alikuwa akinibebea sanduku la barafu mpaka kwenye gari bila kuombwa. "Shukran," nilimwambia. "Afwan, sister." Ndiyo mazungumzo yetu yote, miezi mitano.

Tulifika nusu fainali bila kufungwa.

Siku hiyo waliotutembelea walikuwa timu ngumu. Dakika chache kabla ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi nne, na namba tisa akawa anarudi nyuma kurusha. Sikuona aliyempiga; nilisikia. Ile sauti ya helmeti kugonga helmeti nilishaizoea, lakini hii ilikuwa na nyingine nyuma yake, ya kisogo kutua chini. Alilala kidogo. Kisha akainuka, akajipangusa, akatembea taratibu na kwenda kusimama katikati ya wapinzani walipokuwa wamekusanyika kupanga mchezo wao. Mmoja wao akamgeuza kwa mabega na kumsukuma kiungwana arudi kwetu.

Watu walicheka. Mimi nilishaanza kukimbia.

Kocha alisimamisha mchezo. Nilimkalisha namba tisa kwenye benchi, nikamvua helmeti, nikapiga magoti mbele yake. Nilipeleka kidole kushoto, nikapeleka kulia. Macho yake yalikifuata, lakini kwa kuchelewa.

"Leo tunacheza na nani?" nikamuuliza kwa Kiingereza.

Akataja timu tuliyocheza nayo wiki mbili kabla.

"Mwezi gani huu?"

Akanitazama. Halafu akainama karibu na sikio langu, akasema polepole, kwa Kiswahili:

"Dada, nnakuomba. Usimwambie."

Nilidhani mimi ndiye niliyegongwa kichwa. Miezi mitano! Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa uwanja ule nikiongea na mama yangu kwa simu, nikimsimulia kila kitu, nani ananuka jasho, nani ana miguu kama ya korongo, nikijua hakuna anayenielewa.

"Wewe unajua Kiswahili?"

"Mama yangu wa Unguja. Nyumbani ndicho tunachosema." Aliushika mkono wa fulana yangu. "Dada'angu, mie mwaka huu nnamaliza. Mwakani simo. Nipe hizi dakika tatu tu."

"Hujanijibu. Mwezi gani?"

"Dakika tatu, dada. Wallahi sitakuomba kitu kingine."

Kocha alikuwa amekwisha fika, ameinama, mikono magotini, uso umemwiva. Nyuma yake vijana wote wamesimama wakinitazama mimi. "Sister? Yuko sawa?"

Ndege ikaingia juu yetu wakati huohuo. Kocha akanyanyua kidole kuniambia nisubiri, na tukasubiri wote, tukiwa tumenyamaza chini ya kelele ile. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri, kwa hiyo siwezi kusema niliropoka. Nilifikiri vizuri sana. Nilijua mtu aliyetikiswa ubongo anakuwaje, na nilijua pigo la pili juu ya la kwanza linaweza kufanya nini. Wodini Morogoro niliwahi kumuuguza kijana wa bodaboda aliyeinuka baada ya ajali akasema mzima, akanywa na chai, na asubuhi hakuamka. Yote hayo yalinipitia. Nikauangalia ubao wa pointi.

Ndege ikapita.

"Yuko sawa," nikasema.

Alirudi uwanjani. Alirusha pasi mbili. Ya kwanza ilianguka chini. Ya pili ilienda mbali, juu sana, nikadhani ameitupa tu, lakini yule Msudani alikuwa anakimbia chini yake, na aliidaka akiwa ameshavuka mstari. Sijui nilifikaje katikati ya uwanja. Nilikuwa napiga vigelegele. Kocha alininyanyua juu, mimi na mkoba wangu, licha ya goti lake bovu.

Namba tisa sikumwona kwenye lile rundo la watu. Alikuwa amechuchumaa pembeni, mikono masikioni.

Ndani ya gari, kama kawaida, nilijaza fomu ya siku. Kuna sehemu inauliza kama kuna mtu aliyeumia kichwa, na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Dereva wetu, Mpakistani mmoja mpole, alikuwa anasubiri niimalize ili aipeleke ofisini. Nikaweka alama kwenye hapana. Kalamu haikutetemeka. Hilo ndilo lililonitisha baadaye, kwamba haikutetemeka.

Fainali ilikuwa Ijumaa iliyofuata.

Jumamosi asubuhi alinipigia. Namba yangu ilikuwa imebandikwa chumba cha kubadilishia nguo, kwenye karatasi ya dharura.

"Dada, mwanga unaniuma."

"Nenda hospitali. Leo hii."

"Nikienda watanizuia kucheza."

"Ndiyo maana nakwambia uende."

"Ijumaa ikipita n'takwenda. Nnakuahidi."

Nikamwambia anywe maji, alale, aache simu, kama vile ushauri wa maji na usingizi ungenitoa mimi kwenye lawama. Jumatatu akaniandikia kwamba ametapika, lakini labda ni chakula. Jumanne akaniandikia ujumbe uleule wa Jumatatu, neno kwa neno, na nilipomuuliza kwa nini, akasema hakumbuki kama alishaniandikia.

Wiki hiyo nilipangiwa bwawa la shule ya msingi. Nilikaa kwenye kiti kirefu nikihesabu vichwa vya watoto majini, na kila mara hesabu ilinipotea, nikaanza upya. Na mtihani wangu ulikuwa wiki tatu mbele. Ili nifanye mtihani huo ofisi ilitakiwa inipe barua kwamba sijawahi kuwa na doa kazini. Madam wa ofisi, Mfilipino mkali lakini mwenye haki, alikuwa ameniahidi barua hiyo kwa mdomo wake. Kusema ukweli kuhusu namba tisa kulikuwa ni kusema pia kwamba fomu yangu ni ya uongo. Kampuni zilikuwa zinarudisha watu makwao kwa makosa madogo kuliko hayo.

Jumatano nilimweleza mwenzangu wa chumba. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Hakuiacha pasi.

"Mimi," akasema, "kazi yangu ni kusimama kwa mulango. Kama nimeona mutu anaingia na kisu na mimi nanyamaza, sasa nasimama pale kwa sababu gani?"

"Wanaweza kunifukuza."

"Wanaweza." Akaligeuza shati. "Wanaweza kabisa."

Akatundika sare yake mlangoni, akaingia kitandani, akageukia ukutani.

Alhamisi nikampigia namba tisa, nikamwambia nampa nafasi aseme mwenyewe. Amwambie kocha kabla ya mechi, kwa mdomo wake, basi. Mimi nitathibitisha tu. Nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yake akimuuliza kwa nini amefunga mapazia mchana, na yeye akijibu, "Nnasoma, mama." Kisha akarudi kwenye simu akasema, "Sawa, dada. N'tamwambia."

Hakumwambia. Ijumaa nilipofika nilimkuta amekwisha vaa kila kitu, helmeti kichwani, anacheka na wenzake. Majukwaa yalikuwa yamejaa. Wapinzani walikuwa wametoka Abu Dhabi, timu iliyowadhalilisha vijana wetu mwaka uliotangulia, na walikuwa wakubwa wa miili hata wale Wanigeria wetu walionekana wa kawaida. Nilimpungia mkono namba tisa. Alijifanya hakuniona.

Nikasimama nimtazame wakati wanapasha misuli. Msudani alimtupia mpira, kutoka karibu, mtupo wa mchezo tu. Ulimpiga kifuani ndipo akaleta mikono. Jua lilikuwa limeinama upande wetu, na kila alipoligeukia alifumba macho yote mawili, akasubiri, akafumbua. Hakuna mwingine aliyekuwa anaona. Walikuwa wanamtazama mrushaji wao aliyewafikisha fainali. Mimi nilikuwa namwona mgonjwa.

Nikaenda kwa kocha.

"Kocha, namba tisa asicheze."

"Nini?"

"Ijumaa iliyopita nilikudanganya. Hakuwa sawa. Hakujua tunacheza na nani. Wiki nzima kichwa kinamuuma, ametapika, anasahau. Akipigwa tena leo, sijui."

Nilijiandaa kwa matusi. Nilishatukanwa na mabosi, ma-sir kama tulivyowaita, kwa mambo ya bure.

"Kwa nini ulisema yuko sawa?"

"Nilitaka tushinde."

Akavua kofia yake, akajipangusa paji la uso kwa kiganja, akaivaa tena.

"Na mimi pia," akasema. "Ndiyo maana nilikuuliza mara moja tu."

Akaenda moja kwa moja kwa namba tisa, akamwambia jambo nisilolisikia, akamnyooshea mkono. Namba tisa alirudi hatua mbili. Kocha hakuushusha mkono. Mwishowe kijana akaivua helmeti, akampa, na akanigeukia mimi mbele ya timu nzima.

"Umeniuza, dada!" alipiga kelele. "Umeniuza!"

Wenzake walibaki wanatazamana. Hawakuwahi kumsikia akisema lugha ile. Kocha akaniuliza amesema nini.

"Amesema nimemuuza."

Akaniwekea helmeti mikononi. "Kaa nayo hii. Asiipate mtu. Hata nikija kukuomba mimi mwenyewe, usinipe."

Mechi ikaanza na mimi nimekaa benchi, helmeti mapajani, namba tisa kando yangu ameniachia nafasi ya watu wawili katikati. Nilimpa miwani yangu ya jua. Aliiacha benchi. Baada ya muda mwanga ukamshinda, akaichukua, akaivaa, akajifunika na taulo kichwani.

Msudani ndiye aliyewekwa kurusha. Alikuwa mdakaji, si mrushaji. Mipira yake ilitoka kwa aibu, ikayumba, ikaanguka miguuni mwa watu. Wapinzani wakavuka mstari mara moja, wakavuka tena. Majukwaa yetu yakanyamaza. Kocha akaacha kurusha kabisa, akaanza kuwapa mpira wale Wanigeria waupeleke kwa miguu, yadi mbili, yadi tatu, kifua kwa kifua. Ilikuwa kazi ya kubeba magunia. Lakini walikuwa wanasogea. Kabla ya mapumziko tulivuka mara moja.

Robo ya tatu tulipoteza mpira karibu na mstari wao. Kocha alitupa karatasi zake chini. Kisha akageuka, akaja kwenye benchi, akasimama mbele yangu. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Hakumtazama namba tisa, aliitazama helmeti.

"Sister," akasema.

Niliikumbatia kwa mikono yote miwili. Namba tisa alinyanyua taulo. Kama angenyoosha mkono sijui ningefanya nini; napenda kuamini ningekataa, lakini niliwahi kuamini mengi juu yangu mwenyewe kabla ya Ijumaa ile nyingine.

Hakuunyoosha. Alisimama hapo kidogo, akatikisa kichwa, akarudi kwa wachezaji akichechemea.

Tukasikia kelele za majukwaa zikipanda. Namba tisa alikuwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti. Bila kunigeukia akauliza:

"Wamefika wapi?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananisemesha mimi, na kwamba hawezi kutazama.

"Katikati ya uwanja," nikasema. "Tumebakiza jaribio moja."

"Nani anabeba?"

"Yule mnene wa kushoto. Ameshika... wamemdaka. Hapana, hajaanguka! Anawaburuta, wawili wamemning'inia. Ameanguka. Ngoja waipime."

"Imetosha?"

"Imetosha."

Nikaendelea. Sikuwa na maneno ya mchezo ule kwa Kiswahili, hakuna aliyewahi kunipa, nikawa nayatunga palepale: amechoropoka, wamemlalia, amemzunguka kama anakwepa shimo. Alikuwa ananisahihisha kutoka chini ya taulo. "Huyo si wa kushoto, dada, wa kushoto ni mfupi." Alikuwa anaujua uwanja kwa sauti yangu kuliko mimi kwa macho yangu. Tulivuka mstari mara ya pili, na kocha akaamua kujaribu ile nyongeza ya pointi mbili, Msudani akaurusha mpira mfupi, hovyo, ukagonga mkono wa mtu, ukamwangukia Mmisri mmoja kifuani, naye akaukumbatia akiwa amelala ng'ambo ya mstari. Kwa mara ya kwanza tulikuwa mbele, kwa pointi moja.

Zilibaki dakika mbili. Nimewahi kusimama chumba cha upasuaji kwa saa zilizokuwa fupi kuliko hizo.

Wapinzani wakaja. Walikuja vizuri, bila haraka, yadi nane, yadi kumi na moja, mpaka wakawa mbele kabisa ya mstari wetu wa mwisho, na jaribio moja mkononi.

"Dada, sema."

"Wamejipanga. Wetu wameinama. Kocha amepiga magoti."

"Na ndege?"

Nikatazama juu. Ilikuwa inakuja. "Ipo. Inashuka."

"Watasubiri ipite," akasema. "Hawajazoea. Watasubiri, na wetu watapumua."

Kweli walisubiri. Mrushaji wao alikuwa anapiga kelele na hakuna aliyemsikia, akawa anageuka huku na huku akiashiria. Wanigeria wetu walichimba miguu yao kwenye zile nyasi za plastiki. Ndege ilipopita tu, mpira ukatoka, na watu wakagongana wote mahali pamoja, rundo kubwa, nisione kitu. Refa alianza kuwatoa mmoja mmoja. Niliacha kuongea.

"Dada?"

Mpira ulikuwa chini yao wote, kwenye tumbo la mtu wao, kiganja kimoja kabla ya mstari.

"Hawakuvuka," nikasema. "Hawakuvuka!"

Alikuwa ameushika mkono wangu, sijui tangu lini. Aliuachia. Aliweka uso kwenye taulo na mabega yake yakaanza kutikisika, na kila alipolia kichwa kilimuuma zaidi, kwa hiyo akawa analia na kuugulia kwa pamoja. Nilimwekea barafu shingoni. Wenzake walikuja wakampa kombe alishike. Alilishika kwa heshima, akalipitisha kwa mwingine. Hakunitazama tena. Kocha alimchukua kwa gari lake mwenyewe mpaka hospitali, kabla hata ya picha ya timu kupigwa.

Mimi nilijaza fomu mbili, ya siku ile na nyingine ya kusahihisha ya wiki iliyopita, nikazipeleka kwa madam kwa mkono wangu. Alizisoma akiwa amesimama. Aliniambia kwa kuwa nilisema ukweli kabla mtu hajafa hatanirudisha nyumbani, na kwa kuwa nilidanganya hatanipa barua. Nikahamishiwa kwenye jengo linalojengwa, kutibu vidole na vumbi la macho. Mtihani niliufanya mwaka uliofuata.

Hospitali walimpiga picha ya kichwa wakakuta hakuna damu iliyovuja. Ubongo ulikuwa umetikiswa sana, walisema. Apumzike wiki nyingi, na asicheze tena mchezo ule. Niliyasikia kwa kocha. Namba tisa mwenyewe hakunipigia. Aliyenipigia, siku kama ya nne, ni mwanamke.

"Wewe ndiye dada wa huduma ya kwanza?"

Niliijua ile sauti. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba.

"Kanambia kila kitu," akasema. "Mie nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Wiki nzima ulikuwa unajua. Mie nilikuwa naye nyumba moja, nampikia, namwona anakaa gizani, nnadhani mitihani. Wewe ulikuwa unajua. Vipi uliweza kulala?"

Nilikuwa kwenye kontena la huduma ya kwanza, pale jengoni, na fundi mmoja akinisubiri na kidole kimefungwa kitambaa. Nilitafuta la kumwambia. Kulikuwa na sababu, nilikuwa nazo zote, zilinijia mdomoni moja baada ya nyingine na kila moja niliiona ndogo.

"Sikulala vizuri, mama," nikasema. "Lakini nililala. Nisamehe."

Nikadhani atakata simu.

"Kwenu wapi?"

"Morogoro."

"Ehe. Haya, mwanangu. Huku daktari kasema maneno mengi kwa Kiingereza na mie sikuyashika yote. Huyu kila nikimwambia lala, ananiambia kapona. Nifanye nini naye?"

Nikamwashiria fundi avumilie kidogo. Nikaanza: chumba kiwe na giza, simu akae nayo mbali, asisome, asikimbie, ale kidogo kidogo, na akitapika tena au akianza kuchanganya maneno, hapohapo hospitali, usimsikilize.

"Ngoja, ngoja," akasema. "Ngoja nchukue kalamu."